Muulize Mzee wa Miti: Makaburi na Msitu wa Jiji

Anayejibu barua hizi alitunza miche kwenye kitalu cha City Park, Nairobi, mpaka alipostaafu. Kwa kawaida huulizwa kuhusu maparachichi yasiyozaa na ua linalokauka. Tangu Pasaka, barua nyingi zimekuwa za makaburi, kwa hiyo mwezi huu tumempa kurasa zote.

*

*Mzee, nilipita City Park nikaona makaburi ya zamani, mengine yamemezwa na nyasi. Sisi shemeji yetu tulimzika Lang'ata, ambako hata pa kukanyaga hapana. Kwa nini kaunti isiyahamishe hayo makaburi ya wakoloni, ardhi ikatumika kwa walio hai, au basi kwa marehemu wetu? Tusidanganyane, huo ni ukoloni unaolindwa kwa kodi yetu.*
*— Mlipa Kodi, Donholm*

Bwana Mlipa Kodi, pole kwa msiba wa shemeji.

Kuhusu Lang'ata unasema kweli. Makaburi yale yalifunguliwa 1958, yakatangazwa kujaa 1996, na hadi leo watu bado wanazikwa pale. Anayechimba leo humkuta wa jana. Lakini kabla hujaleta jembe City Park, hebu nikupitishe pale uone unataka kumhamisha nani.

Ukiingia upande wa makaburi utamkuta Pio Gama Pinto. Huyo si mkoloni. Alizaliwa hapa hapa Nairobi mwaka 1927, wazazi wake wakitoka Goa. Aliwasaidia Mau Mau, Waingereza wakamtia kizuizini kisiwani Manda. Uhuru ulipopatikana akawa mbunge. Asubuhi ya tarehe 24 Februari 1965 alipigwa risasi akitoka nyumbani kwake Westlands, bintiye mdogo akiwa ndani ya gari. Uhuru wenyewe ulikuwa haujafikisha hata mwaka mmoja na nusu. Huyo ndiye unayetaka kumwondoa ili upate nafasi ya makaburi mawili.

Si mbali naye amelala rafiki yake Joseph Murumbi. Mama yake alikuwa Mmaasai, baba yake Mgoa. Mwaka 1966 alifanywa makamu wa rais, wa pili katika nchi hii, na mwaka huo huo akajiuzulu. Kisha akayatumia maisha yake kukusanya sanaa ya Afrika: sanamu, vitambaa, vitabu, mapambo. Sehemu ya hazina hiyo utaiona ukiingia Nyaraka za Kitaifa pale Moi Avenue. Nyumba yake ya Muthaiga aliiuzia serikali akitarajia igeuzwe kituo cha masomo ya Afrika. Ikabomolewa, kiwanja kikakatwakatwa. Alipofariki 1990 alizikwa karibu na Pinto, kama alivyotaka, na mkewe Sheila akalazwa kando yake mwaka 2000. Leo pale kuna bustani ya kumbukumbu yenye sanamu, zikiwamo kazi za wachongaji aliokuwa akiwanunulia.

Sasa nikwambie jambo ambalo wewe na mimi tunaliona kinyume. Unasema makaburi yanakula ardhi ya jiji. Mimi nilikuwa pale miaka ya themanini na tisini, vipande vya City Park vilipokuwa vikipata hatimiliki za watu binafsi. Unafika asubuhi na ndoo yako ya kumwagilia, unakuta vigingi vya mpimaji katikati ya miche. Hujui vimetoka wapi, na anayejua hasemi. Nilivikuta kando ya njia, nikavikuta hadi nyuma ya vitalu. Katikati ya makaburi sikukuta hata kimoja. Mwenye tamaa ya kiwanja haogopi sheria wala diwani, ila kujenga sebule juu ya kichwa cha mtu kunamtia kigugumizi, na hata akijenga, mpangaji atatoka wapi?

Kwa hiyo wale marehemu unaotaka kuwafukuza ndio walinzi pekee ambao bustani ile haijawahi kuwalipa mshahara. Mwaka 2009 City Park ilitangazwa rasmi kuwa urithi wa taifa, nami nilishukuru. Lakini ilipofika hapo, mengi yalikuwa yamekwenda.

Ama haja yako ya pa kuzika, hiyo ni ya haki, ila mlango unaobisha siwo. Uliza lile baraza la jiji la zamani lililonunua ardhi ya makaburi Mavoko kwa shilingi milioni 283, wakati thamani yake ilikadiriwa kuwa milioni 24. Hapo ndipo kaburi la shemeji yako lilipopotelea. Na kama familia yako haina pingamizi, kuna kuchomwa. Pale Kariokor Wahindu wamefanya hivyo vizazi na vizazi, na Wangari Maathai alikwenda huko 2011 ndani ya jeneza lililosukwa kwa magugumaji, mianzi na mafunjo, kwa kuwa hakutaka mti ukatwe kwa ajili yake. Najua wengi hawalitaki jambo hilo. Mimi mwenyewe bado namsikiliza mke wangu, naye hataki hata kulisikia.

*

*Mzee, mamangu hutukataza kupita makaburi ya Forest Road jioni. Anasema anayeokota kuni mle huota ndoto mbaya mpaka azirudishe. Je, kuna ukweli?*
*— Kijana wa Ngara*

Mwanangu, mimi nimeokota matawi makaburini miaka mingi nikilipwa kufanya hivyo, na ndoto yangu mbaya kabisa ilimhusu mhasibu.

Lakini usimcheke mama. Nenda Pwani ukatazame misitu ya Kaya ya Wamijikenda. Ndani yake mmelala wazee wao, na mti haukatwi, hata tawi lililoanguka haliondolewi bila idhini ya wazee wa Kaya. Kuanzia Kinango mpaka Kilifi mashamba yamefyekwa pande zote, na misitu ile bado imesimama. UNESCO iliitia kwenye orodha ya urithi wa dunia mwaka 2008. Walioidhuru zaidi ni wale wasioota ndoto: wezi waliong'oa vigango, zile nguzo za kuwakumbuka wafu, wakaviuza mpaka vikafika kwenye makumbusho ya Marekani.

Kwa Forest Road, ambayo siku hizi ni barabara ya Profesa Wangari Maathai, mtii mama kwa sababu nyingine. Jioni pale wapo walio hai wanaopenda simu yako.

*

*Shikamoo Mzee. Babu yetu mzaa baba aliandikwa jeshini wakati wa vita vya Hitler, akawekwa kwenye mizinga. Nyanya alikuwa akisimulia kwamba habari ilikuja kwa chifu mwaka 1944: meli iliyowatoa Mombasa kwenda Seiloni imezama. Maiti haikurudi. Wazee wakazika yago, lile tunda la mwegea, mahali pake, huko kwetu Siaya, na kaburi lipo hadi leo kando ya boma. Sasa mtu ameniambia pale Ngong Road kuna makaburi ya vita ndani ya miti, na huenda babu yuko huko. Je, inawezekana? Na akiwa huko, lile yago tulilizikia nini?*
*— Mjukuu, Umoja*

Marahaba mjukuu wangu. Barua yako nimeisoma nikaiweka kando, nikaisoma tena. Nitakujibu kwa urefu, wengine watanivumilia.

Mwili wa babu hauko Ngong Road. Tuanze na hilo ili usiende na matumaini yasiyofaa. Lakini jina lake laelekea sana kuwa pale, na nitakueleza kwa nini.

Meli anayoisimulia nyanya yako inalingana na Khedive Ismail. Iliondoka Mombasa mwanzoni mwa Februari 1944 ikielekea Colombo, huko Seiloni, Sri Lanka ya leo, ikiwa katika msafara wa meli kadhaa. Ndani yake mlikuwa na watu zaidi ya 1,500, na kundi kubwa kuliko yote lilikuwa Rejimenti ya 301 ya Mizinga ya Afrika Mashariki. Walikuwemo pia wauguzi wanawake. Tarehe 12 Februari, karibu na visiwa vya Maldives, nyambizi ya Kijapani iliirushia torpido. Ilizama kwa muda usiofika dakika tatu. Walikuwa wamekaa chini kwenye ukumbi, wengi wao, na ngazi ni chache. Karibu watu 1,300 walikufa. Waliookolewa ni mia mbili na kitu. Manowari za Uingereza ziliiwinda ile nyambizi mpaka zikaizamisha, zikitupa mabomu ya majini hali watu bado wanaelea, na jambo hilo waliookoka hawakulisahau.

Kwa hiyo ukisikia mtu akisema Waafrika walikwenda vita ile kubeba mizigo tu, mwambie habari ya mizinga ya 301.

Sasa mahali penyewe. Chukua matatu ya 111 inayokwenda Ngong, au yoyote ya Karen inayofuata Ngong Road. Ukishapita Dagoretti Corner, kabla ya kufika uwanja wa mbio za farasi, mwambie makanga akushushe makaburi ya vita. Anaweza asijue, makanga wengi wanajua baa kuliko historia. Tazama mahali ambapo miti inasogea karibu na barabara. Ukiingia, kelele za magari zinabaki nyuma yako, na unaona mistari ya mawe ya makaburi, yote kimo kimoja, ya ofisa na ya mpishi.

Jeshi lilipafungua mwaka 1941. Waliozikwa pale wengi hawakufa wakipigana. Ni watu waliokuwa mazoezini, au kambini, au waliokufa hospitalini, maana Nairobi wakati ule ilikuwa na hospitali kubwa za kijeshi zilizopokea majeruhi na wagonjwa. Malaria imo humo, nimonia imo. Makaburi ya vita ile ya pili ni 1,952, ya watu wa Jumuiya ya Madola. Waliozikwa bila kujulikana ni 11 tu, ambayo si kawaida kwa vita.

Babu yako usimtafute kwenye mawe hayo. Mtafute kwenye kumbukumbu iliyojengwa ndani ya makaburi yale yale, ile inayoitwa Kumbukumbu ya Afrika Mashariki. Ilijengwa kwa ajili ya wasio na kaburi linalojulikana: waliopotea katika safari ya kuwafukuza Waitaliano Ethiopia na Somalia, waliokufa Madagaska, na watu wa babu yako, wa mizinga ya 301. Majina yao yameandikwa pale.

Kumpata kunahitaji subira. Kabla hujapanda matatu, ingia kwenye tovuti ya Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola, ina mahali pa kutafuta kwa jina, na ni bure. Usitafute kwa namna mnavyoliandika jina ninyi leo. Fikiri karani wa 1940 anayemsikiliza kijana wa Siaya akitaja jina lake mezani, nyuma kuna foleni. Owuor anaweza kuwa Owour, Uwor, au Awuor kabisa akageuzwa mwanamke. Jaribu jina la babu peke yake, jaribu la baba yake, jaribu bila herufi ya kwanza. Kisha usichague kwa jina tu, chuja kwa tarehe ya kufa, 12 Februari 1944, na kwa kikosi. Tarehe ndiyo itakayokusaidia zaidi, kwa sababu waliokufa siku ile katika kikosi kile ni orodha moja, na hata ukiisoma yote kwa kidole utaimaliza kwa alasiri moja. Kama nyumbani kuna medali yoyote, barua, au karatasi yenye nambari ya jeshi, hiyo ni dhahabu. Majina hufanana, nambari haifanani. Sasa andika nambari ya ubao utakayoipata, uende nayo. Ukikwama, muulize mtunzaji. Watunzaji wa pale nawafahamu kwa kazi yao hata kama hatujuani kwa sura. Mtu anayekata nyasi kwa mstari ulionyooka namna ile hatakudharau.

Kuna jambo lingine nilitaka ulijue ukiwa umesimama pale. Babu yako ana jina ukutani kwa sababu alikufa katika vita ya pili. Waliokufa katika ile ya kwanza, 1914 mpaka 1918, wale wapagazi waliobebeshwa chakula na risasi kutoka huku mpaka Tanganyika, wengi wao hawana hata hilo. Mwaka 2021 ile Tume yenyewe ilitoa ripoti ikakiri kwamba watu wasiopungua 116,000, hasa wa Afrika Mashariki na Misri, hawakuandikwa kwa majina, na pengine hawakukumbukwa kabisa. Walichopewa Nairobi ni zile sanamu tatu za shaba pale Kenyatta Avenue, ambazo wewe na mimi tunazipita tukitafuta matatu. Sanamu ni nzuri. Lakini mjukuu wa mpagazi hawezi kuweka kidole juu ya sanamu akasema, huyu.

Na sasa lile yago.

Mimi si Mjaluo, na mambo ya ukoo wenu mwenye kauli ni wazee wenu. Ila mti wake naujua. Ni mwegea, unapenda kando ya mito, na tunda lake linaweza kufika kilo kumi, gumu, la kijivu, linaning'inia kwenye uzi mrefu. Anayezika tunda la uzito ule amebeba kitu mikononi mpaka kaburini, ameinama nacho. Wazee wenu hawakulitumia kwa kukosa cha kuzika, walilitumia kwa sababu mtu wao alistahili kubebwa. Umeniuliza mlilizikia nini. Mlimzika babu yenu. Kukuta jina lake Ngong Road hakufuti jambo hilo, na sidhani kuna mzee atakayekuambia mfukue.

Nitakachokushauri ni hiki. Nenda na mtu mzima wa ukoo, usiende peke yako. Piga picha ya jina, lionekane vizuri, asubuhi jua likiwa pembeni kwa sababu adhuhuri herufi hufifia. Ukitaka kupeleka udongo nyumbani, mwombe mtunzaji akuonyeshe pa kuchota, usichimbe kando ya ubao. Halafu lile kaburi la Siaya liandikwe jina vilevile lilivyo ukutani pamoja na lilivyo kwenu, yote mawili, ili kitukuu asihangaike kama ulivyohangaika.

Nimesema makaburi hulinda miti, na msomaji mwerevu ataniuliza kuhusu pale Ngong Road, kwa kuwa makaburi yale yenyewe yalikatwa kutoka msituni. Ni kweli. Msitu wa Ngong Road ulitangazwa rasmi mwaka 1932 ukiwa na hekta 2,926. Leo zimebaki kama 1,224. Uwanja wa farasi ulichukua, maonyesho ya kilimo yalichukua, mitaa ya nyumba ikachukua kwa pupa, na barabara ya Southern Bypass ikapasua katikati. Katika wote waliomega mkate ule, askari hawa ndio waliochukua kipande kidogo, wakakaa kimya, na hawajawahi kuomba nyongeza.

*

*Mzee, salamu kutoka Stockholm, mimi ni muuguzi huku ila nyumbani ni Kangemi. Kuna makaburi hapa yanaitwa Skogskyrkogården, yako ndani ya msitu wa misonobari, watu wanatembea na watoto, hata watalii wanakuja na kamera. Nilienda nikalia, sijui kwa nini. Sisi tutakuwa lini na kitu kama hicho?*
*— Muuguzi wa Mbali*

Binti yangu, kulia makaburini hakuhitaji sababu. Huenda ni baridi.

Mahali pale nimepasoma. Mwaka 1915 jiji lilitangaza shindano la kupapanga, wakashinda vijana wawili wasanifu, Gunnar Asplund na Sigurd Lewerentz, na mwaka 1920 pakafunguliwa. Walipewa msitu, na ndani yake machimbo ya zamani ya kokoto. Badala ya kufyeka ili waweke makaburi, waliiacha misonobari na kuyapitisha makaburi kati ya mashina, mawe wakayafanya mafupi ili jicho lione miti kwanza. Asplund mwenyewe amezikwa pale. Mwaka 1994 UNESCO ikapatia jina la urithi wa dunia.

Kinachonivutia ni yale machimbo. Nairobi tunayo mashimo ya mawe yaliyoachwa kila upande, yamejaa maji na takataka, watoto wanazama humo. Nami nina hesabu ya mtu wa vitalu. Anayetaka kufungua makaburi mapya asianze na kaburi, aanze na miche. Kaunti ichague ardhi leo, ijaze mashimo, ipande mukinduri kwa kivuli cha haraka, halafu chini ya kivuli hicho ipande muhuhu na mutamaiyu, ambayo haina haraka na yeyote. Baada ya miaka kumi na mitano unamzika mtu wa kwanza, naye anakuta kivuli. Nilipolisema hili kwenye mkutano fulani niliulizwa ni nani atakayekuwa ofisini miaka kumi na mitano ijayo. Nikajibu kwamba wafu watakuwepo. Chai ikaletwa, tukaendelea na ajenda nyingine.

*

*Mzee, wale kima wa City Park walininyang'anya ndizi karibu na makaburi. Je, wana kichaa?*
*— Mwenye Njaa, Parklands*

Hawana kichaa, wana uzoefu. Wananunuliwa ndizi na karanga langoni kila wikendi, wakajua kwamba binadamu ni kabati. Usiwalishe, usiwakenulie meno, na ukibeba chakula kifunge mkobani. Maganda usiyaache juu ya kaburi la mtu. Hilo la mwisho silisemi kwako peke yako.

*

*Mzee, babangu amelazwa Lang'ata, kaburi la kudumu, tumelijengea simiti na vigae. Nataka kupanda jakaranda upande wa kichwa ili kila Oktoba limwage maua juu yake. Kaka zangu wamekataa. Nani ana haki?*
*— Kifungua Mimba, Kasarani*

Mama, kaka zako wana haki, ingawa nadhani wamekataa kwa sababu isiyo sahihi, labda gharama.

Jakaranda ni zuri, jiji zima linaliimba, lakini ni mti mkubwa kutoka Amerika ya Kusini na mizizi yake haijui mipaka ya familia. Miaka michache ya kwanza utafurahi. Kisha vigae vitainuka upande mmoja, simiti itapasuka, na aliyeanza kulalamika hatakuwa kaka yako bali mwenye kaburi la jirani, ambaye hakuulizwa. Usifikirie mkalitusi, wala mti wowote wa jamii ya mugumo. Na kabla ya kupanda chochote, pita ofisini pale langoni uulize. Wengine walipanda bila kuuliza, wakakuta limeng'olewa na wafyeka nyasi. Na kama kaburi lingekuwa la muda, ningekuambia usipande kabisa, kwa sababu siku moja litachimbwa tena kwa ajili ya mwingine.

Pale kaburini panda mshubiri, ule wetu wa maua mekundu. Unavumilia jua, hauhitaji mtu wa kumwagilia katikati ya Januari, na mizizi yake haiendi mbali. Acha nafasi ya mkono mmoja kati ya mche na simiti.

Ule mti mkubwa upande nyumbani, kama mna shamba. Kwa mtu anayetaka maua, mimi ningechagua murarachi, mti wa kwetu, unaochanua waridi mti mzima ukionekana kwa mbali, na City Park ipo mikubwa uende uione kabla hujaamua. Mukinduri utakua haraka zaidi lakini maua yake si ya kupigia picha, na mbegu zake zina mafuta, zikikaa muda mrefu hazioti, kwa hiyo nunua mche, usidanganywe na mbegu za mfukoni.

Subiri mvua za masika zikolee, usipande siku ya mvua ya kwanza. Chimba shimo la sentimita 60 kila upande, udongo wa juu uweke peke yake na wa chini peke yake. Changanya ule wa juu na samadi iliyooza vizuri, urudishe kwanza, na wa chini uumalizie juu kutengeneza kisahani cha kushika maji. Pasua mfuko wa nailoni, usiuzike na mche, watu wengi huuzika. Zungushia miiba. Mbuzi wa jirani atakuja hata kama jirani ameapa kwamba amemfunga.